Swali la Mama Kwenye Ufunguzi wa Hifadhi ya Fuma

Leo mama yangu amesimamisha sherehe nzima, jamani.

Tulikuwa Fuma, kisiwa chetu tulichokikimbia wakati wa vita. Wanafungua hifadhi ya kasa na ndege. Ofisa akatangaza kuwa kuanzia leo hakuna atakayevuka kamba iliyozungushiwa hifadhi.

Mama akasimama, akauliza kwa lahaja yetu ya kisiwani. "Na mchu mwenye mwana aliyezikwa humo je?"

(Mimi huku namvuta buibui akae!)

"Nani huyo, mama?" ofisa akauliza.

"Binti yangu. Tulimzika asubuhi, adhuhuri tukakimbia."

Ofisa akaiweka chini hotuba yake, akavua viatu, akainua kamba, akamshika mama mkono.

Mama alipiga magoti pale kaburini. "Nimekawia, mwanangu."

Wenzangu mliokimbia, mliacha nani huko? Andikeni majina yao hapa, tuwaombee.