Odhiambo Aliyenikalia Upande

Ndugu zangu, hili naliungama kwa aibu. Kila Jumatano mchana huwa nahubiria waendesha bodaboda wa Kisian, kwa sababu Jumapili wako kazini na kanisani hawafiki. Wananipokea vizuri, hata wananipa jerikeni la kukalia.

Mmoja wao, Odhiambo, alinikera. Wenzake walinitazama usoni, lakini yeye alikaa upande, macho yake barabarani. Nikajiambia anavizia abiria. Wiki ya pili nikanuna. Wiki ya tano nikawa namwombea kwa hasira, eti mimi ndiye mtumishi wa Mungu!

Jumatano iliyopita uvumilivu uliniishia. Nikakatiza mahubiri nikasema kwa sauti, "Odhiambo, kama abiria ni wa maana kuliko Mungu, si uende tu? Usitukalie hapa ukimpa Bwana mgongo."

Mwenyekiti wao, Mzee Ouma, akasema polepole, "Mama, huyu aligongwa na lori mwaka jana. Sikio la kulia halisikii tena. Anakugeuzia la kushoto ndio asikose neno. Sisi tukikosa siku, ni yeye hutueleza ulisema nini."

Nikainuka kwenye jerikeni nimwombe msamaha. Odhiambo alikuwa ameshasimama, anavaa helmeti.

"Si kitu, Mama," alisema bila kunitazama. "Leo nimesikia yote."

Akawasha pikipiki, akaondoka.