Wabeba vioo wawili walioomba likizo kwa pamoja

Saa mbili asubuhi, lango la ghala likiwa limeshafunguliwa, wanaume wawili wanatoka na kioo kirefu kuliko wao. Mmoja yuko mbele, mwingine nyuma, mkono mmoja chini ya kioo na mwingine ubavuni. Hawatazamani wala hawazungumzi. Wa mbele anatamka neno moja tu, "taratibu," na wa nyuma anajua hapo pana kizingiti.

Neno hilo ndilo lililompa wa mbele jina. Pale kazini kila mtu anamwita Taratibu, na ana miaka hamsini na sita. Wa nyuma wanamwita Dogo, kwa kuwa siku alipoajiriwa ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Sasa ana miaka thelathini na minne, ndevu zimeanza kuchanganya mvi, lakini Dogo amebaki kuwa Dogo.

Kioo kikubwa hakibebwi na watu wowote wawili tu. Wabebaji hupangwa wawili wawili, na jozi ikishazoeana haivunjwi, maana mguu mmoja ukikosea kioo kinapasuka na mtu anakatwa. Dogo na Taratibu wamekuwa jozi kwa miaka tisa.

"Nikiwa na yeye siangalii chini," anasema Dogo. "Miguu yangu inamsikia."

Mwaka jana ujozi huohuo nusura umkoseshe jambo alilolitaka kuliko yote: kuwa karibu na mkewe siku ya kujifungua.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa baba mtu akiwa juu ya lori. Mkewe alipelekwa hospitali na jirani, akafanyiwa upasuaji, na Dogo akapata habari jioni alipotoka kazini. Mkewe hakumlaumu. Ila mimba ya pili ilipokomaa, na daktari akasema huyu naye atatoka kwa upasuaji, alimwambia mumewe neno moja wakiwa wanakunja nguo.

"Aliniambia, safari hii naogopa," Dogo anakumbuka. "Hakusema zaidi. Bora angenigombeza."

Akapiga moyo konde, akaenda kwa afisa rasilimali watu. Alikwenda amejiandaa kukataliwa, na maneno ya kujitetea ameyapanga kichwani, kumbe kazi bure. Afisa, mama mpole mwenye miwani, alimwonyesha sera ya kampuni iliyobandikwa ukutani: mfanyakazi aliyepata mtoto ana likizo ya baba ya siku saba zenye malipo, likizo ambayo hata sheria ya kazi inaitambua. Sera hiyo imekaa pale miaka, na hakuna mbebaji hata mmoja aliyewahi kuomba likizo hiyo.

Sababu yake haikuwa ukutani. Karibu nusu ya kipato cha wabebaji ni posho ya vioo wanavyobeba. Mmoja wa jozi asipokuja, mwenzake hapangiwi mtu mwingine. Anapewa ufagio afagie uwanja, na posho ya siku hizo haipati.

Kwa hiyo kampuni haikumnyima mtu likizo. Ilimwacha tu aende mwenyewe akamweleze mwenzake kwamba furaha ya nyumba moja italipiwa na nyumba nyingine. Ni namna nzuri sana ya kunyima, kwa kuwa hakuna wa kumshtaki.

Dogo alikaa na jambo hilo moyoni siku kadhaa. Alijua Taratibu anamsomesha binti yake wa mwisho chuoni, na kwamba posho ile ndiyo ada. Mwishowe alimwambia wakati wa mapumziko, wakivua glovu, na papo hapo akajuta. Taratibu hakujibu kitu. Alikula chakula chake, akanawa, wakarudi kubeba vioo.

"Nikajua nimemuudhi kaka yangu," anasema Dogo. "Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani."

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kesho yake Taratibu aliingia ofisini na glovu zake mkononi, akaisoma sera pale ukutani mpaka mstari wa mwisho, kisha akaomba likizo yake ya mwaka. Alitaka wiki moja tu, ianze siku ileile anayoanza Dogo. Mstari wa mwisho ulisema likizo ya mwaka hulipwa pamoja na wastani wa posho. Miaka yote ile wabebaji waliamini likizo ni mambo ya watu wa ofisini, wakaziacha siku zao zipotee.

Afisa alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza anasafiri kwenda wapi.

"Siendi popote," Taratibu alimjibu. "Kwani likizo ni ya wenye safari peke yao?"

Afisa akatia saini likizo zote mbili.

"Hatukuwa tumevunja sheria," anasema leo, akichagua maneno. "Sera tuliiandika vizuri sana. Ila mzigo wake tulimtwika mwenzake wa yule anayeomba likizo, tukajiona tumemaliza."

Siku ya upasuaji Dogo alifika mapema, amevaa shati lake la kwendea harusini. Mkewe alipotolewa chumba cha upasuaji juu ya kitanda cha magurudumu alifumbua macho, akamwona mumewe, akayafumba tena akalala. Akifika hapo kwenye masimulizi yake, Dogo anajifanya anakuna pua.

Siku zilizofuata alifua nepi, akampeleka mtoto mkubwa shule, akapika supu ambayo mkewe anasema chumvi yake ingetosha mtaa mzima. Hata hivyo mkewe aliinywa yote.

Kwa Taratibu mambo yalianza na kizaazaa. Mkewe alipomkuta bado amelala saa tatu asubuhi aliamini amefukuzwa kazi, akamsihi aseme ukweli wajue pa kuanzia. Alipoelewa, alimwekea kiti karibu na mlango wa jikoni. Hapo ndipo mume mtu alipogundua kwamba mkewe huimba akichambua mboga.

"Nimeoa miaka ishirini na tisa," anasema Taratibu, ambaye si mtu wa maneno mengi. "Mchana wa nyumba yangu nilikuwa siujui."

Tangu hapo jozi nyingine tatu zimeomba likizo kwa mtindo huohuo, na kazi ghalani ikayumba. Kampuni imeanza kufundisha jozi ya akiba. Kanuni mpya, itakayomlipa anayebaki wastani wa posho yake, iko mezani kwa mkurugenzi. Bado haijatiwa saini.

Dogo anaomba isainiwe mapema. Taratibu ameshapanga wiki tatu, na mara hii ni kwa ajili yake mwenyewe: anataka kumpeleka mkewe mbali, kwa binti yao mkubwa, wakamwone mjukuu ambaye hawajawahi kumpakata. Kanuni isipobadilika, wa kubaki bila posho wiki hizo zote ni Dogo, ambaye likizo yake ya mwaka huu ameshaimaliza.

"Nimemwambia aende tu, mimi nitafagia," anasema.

Nyumbani nako ameshamwambia mkewe kwamba wakati huo itabidi wabane matumizi. Mke aliuliza kulikoni, akajibiwa kwamba zamu ya Taratibu imefika.

"Alikuwa ananyonyesha, akamgeuza mtoto upande wa pili," anasema Dogo. "Halafu akaniambia, basi tuanze kubana leo."