Aliyenisindikiza Mahameni

Jioni moja ya ukungu, mwanangu, hunijia kila ninapomwona mtoto akikimbia peke yake barabarani. Imenijia tena juzi, uliponiambia kwamba binti yako anasomea nyumbani na kwamba ratiba yake imekaa vizuri: asubuhi vitabu, jioni mazoezi ya mbio, mwisho wa juma mashindano. Ulisema kwa fahari kwamba hana wa kumpotezea muda. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha usiku nikakosa usingizi. Mimi pia nilisomea nyumbani na kukimbia mashindano, enzi ambazo jambo hilo halikuwa hata na jina. Na mimi pia hakuwepo wa kunipotezea muda. Angalau hakuwepo mtu.

Tulikuwa tukiishi Nyantakara, Baba akilima tumbaku. Vita na Uganda vilipoanza, vijana wakaitwa mgambo, malori ya askari yakawa yanapita kuelekea kaskazini taa zikiwa zimepakwa matope, na Baba akasema hawezi kukaa mbali na mama yake wakati kama ule. Akaturudisha kwao Mbuba. Huko shule ilikuwa imebaki na walimu wachache, madarasa yameunganishwa, watoto wamejaa mpaka madirishani. Mwalimu mkuu alinitazama, akalitazama darasa, akamwambia Baba nisubiri vita viishe.

Basi nikafundishwa na Shangazi Domitila, dada yake Baba, aliyewahi kukaa kwa masista miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani kwa sababu ambazo sisi watoto hatukuambiwa. Ubao wetu ulikuwa mlango wa jiko. Mama akitaka kupita na sufuria, hesabu zinafunguka pamoja na mlango. Nimewahi kumwona jogoo akitokea katikati ya desimali. Vijana wa kijijini waliyaona hayo. Mmoja wao, Swaibu, mtoto wa fundi cherehani, akanipa jina.

"Leo mmesoma nini, Mwanafunzi wa Jikoni? Maharage?"

Wenzake wakacheka. Na mimi, kwa hekima ya umri ule, nikaamua kwamba siwahitaji.

Nilichokuwa nacho ni miguu. Shangazi ndiye aliyeligundua hilo. Akaenda kwa mwalimu mkuu, akabishana naye kwa sauti ya upole ya masista ambayo ni vigumu sana kuishinda, akarudi na ruhusa: wakimbiaji wa kwetu wangekwenda Ngara mjini kwenye mashindano ya wilaya, na mtoto wa nyumbani angekimbia nao mbio ndefu. Nyumba nzima ikaingia kwenye mashindano. Baba akanichagulia njia, akawa ananipima kwa saa yake ya mkononi. Mama akaniandalia uji wa ulezi. Shangazi akaniondolea masomo ya jioni. Walinipa kila walichokuwa nacho. Hakuna aliyewaza kwamba mkimbiaji anahitaji mtu wa kukimbia naye.

Njia ile ilipanda mlima nyuma ya kijiji na kupita mahameni. Zamani watu wetu waliishi wametawanyika vilimani, kila mji, yaani nyumba na ua wake, ndani ya migomba yake. Ilipokuja operesheni ya vijiji wakashushwa wote kando ya barabara, na mapaa yakaezuliwa. Kule juu zikabaki kuta za udongo zikiyeyuka kwa mvua, mafiga yenye masizi, na migomba iliyoendelea kuzaa bila mwenyewe. Bibi yangu, mama yake Baba, alihamishwa kutoka huko huko. Na kwetu hupiti uani kwa mtu kimya kimya kama mwizi. Unapiga hodi, unasalimu, ndipo unapita. Watu wazima walipopanda kukata kuni waliendelea kuisalimu ile miji mitupu, nusu kwa mazoea, nusu kwa aibu. Nami nikawa napita mbio huku nasema, "Hodi wenyewe, napita."

Siku moja mji wa juu kabisa ukaitika.

Usitarajie nikwambie kuna sauti iliyosema kitu. Nilichosikia ni mkwaruzo wa mkeka, kama mtu anayeinuka kumpokea mgeni. Kisha, nyuma yangu, miguu. Ilikuwa miepesi, pekupeku, kama ya mtu wa rika langu. Nikakaza mwendo, nayo ikakaza. Nilipogeuka niliona ukungu na majani ya migomba. Jambo lililonichukua siku kadhaa kulitambua ni kwamba miguu ile haikuwa na pumzi. Katika mlima ule hata mbuzi huhema. Yenyewe ilikanyaga tu.

Niliogopa, ndiyo, mpaka nilipofika nyumbani na Baba akaitazama saa yake na kupiga kelele za furaha. Sikuwahi kukimbia vile. Kesho yake nikaanza kuipenda hofu yangu.

Ikawa kila jioni miguu ile inanisindikiza hadi kwenye kijito kinachotenganisha mlima na kijiji, halafu inasimama. Sasa, mwanangu, wewe umekulia mjini, huenda hujui. Kwetu mtu akikusindikiza, nawe unamrudisha hatua chache, asirudi mpweke. Niliona ni utovu wa adabu kusindikizwa tu kila siku kama mkubwa fulani. Nikaanza kuirudisha. Kwanza hadi penye mgomba wa kwanza. Kisha hadi mji wa chini. Nayo, kwa adabu ile ile, ikifika pale inageuka na kunisindikiza tena. Tukawa tunakwenda na kurudi, tunakwenda na kurudi, mpaka mlima wote unakuwa wa kijivu. Nyumbani nikasema nafanya mazoezi ya ziada. Wakanisifu.

Hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nimeanza kunyamaza. Shangazi akiniuliza swali, nalijibu sawasawa, basi. Wakati wa kula nilikuwa nasikiliza nje. Mama akinigusa bega nilishtuka, si kwa kuogopa, bali kama mtu aliyesahau kwamba anaweza kuguswa. Aliyeona ni Bibi. Alikuwa amekaa nje anapepeta maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unakimbia na nani huko juu?"

"Peke yangu."

"Sikukuuliza hivyo." Aliendelea kupepeta. "Anakaa kushoto kwako au kulia?"

Nikajisahau. "Kushoto. Nyuma kidogo."

Ungo ukasimama hewani. "Ana malezi, hamtangulii mgeni," akasema polepole. "Na wewe unamrudisha?"

"Kidogo tu, Bibi."

"Mpaka wapi?"

"Jana... mpaka karibu na uani."

Hakunikemea. Aliweka ungo chini, akachukua fimbo yake, akatoka kuelekea kijijini. Nilijua nitakatazwa. Kwa hiyo sikungoja arudi. Nikavua shati na kuondoka mapema kuliko siku zote.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kijito, na miguu ilikuwa imeshafika hapo inaningoja. Haikuwahi kushuka mpaka pale kunipokea. Tulipanda pamoja, na nakuapia sikuuhisi mlima kabisa. Tulipofika mji wa juu sikugeuka. Ua ulikuwa umefagiliwa. Ndani ya zile kuta nilisikia mkeka ukitandikwa, na nikajua, kama unavyojua kwa watu bila kuambiwa, kwamba nimekaribishwa kukaa. Miguu yangu ilikuwa imeanza kuniuma. Nikawaza kule chini nani hasa atagundua kwamba sipo, kabla ya Baba kuitazama saa? Nikainama ili niingie, ingawa hapakuwa na mlango wa kuinamia.

Hapo ndipo nikasikia mtu akihema. Ilikuwa pumzi mbaya, nzito, yenye kikohozi ndani yake, na sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Mwanafunzi wa Jikoni! We! Mlima gani huu, unataka kuniua?"

Swaibu alitokeza kwenye ukungu akiwa ameshika mbavu zake. Nyuma yake alikuwa Bibi na fimbo yake. Kumbe alikwenda kwa fundi cherehani kumwomba mtoto. Bibi alisimama mwisho wa ua, hakukanyaga ndani. Akasema kwa Kihangaza, nami nakuandikia kwa Kiswahili:

"Hodi, wenyewe. Tumemfuata mtoto. Mmemsindikiza vizuri, tunashukuru. Hapa panatosha. Ana wenzake." Kisha bila kugeuka, "Swaibu, mshike mkono."

"Mimi, Bibi?"

"Kwani nimekuja na nani mwingine?"

Swaibu akanishika. Kiganja chake kilikuwa moto na kimelowa jasho. "Mbona mkono wako uko hivi?" akaninong'oneza. "Kama umetoka mtoni." Tukaanza kushuka. Nyuma yetu mkeka ukakunjwa, taratibu, kama anavyokunja mtu aliyekuwa amejiandaa. Swaibu alitaka kugeuka. Bibi akamgusa muundi kwa fimbo.

"Mbele."

Hakuna aliyetufuata.

Nyumbani Bibi aliwakalisha Baba, Mama na Shangazi, nami nikiwa pale pale. "Mmempa kitabu," akasema. "Mmempa uji, mmempa njia, mmempa na saa. Watu mmewaweka wapi? Mlidhani nafasi yao itakaa wazi?"

Shangazi alitazama mlango wa jiko. Baba akaivua saa na kuitia mfukoni.

Kuanzia hapo nilikimbia na Swaibu, kwenye njia ya barabarani. Alikuwa mshindani mchafu. Alinivuta kaptula kwenye kona, alinitukania kikosi kizima cha mababu zangu, alisimama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa nacho. Akaanza kuja kwetu jioni kuuliza hesabu, maana darasani kwao hakuna aliyesikia kitu. Shangazi akampa kigoda mbele ya mlango. Wenzake wakamfuata. Mama akalazimika kuongeza maji kwenye uji.

Ngara mjini tulikimbia asubuhi, juu kwenye kilima cha mji, familia nzima ikiwa imekuja, Bibi akiwa amebebwa na lori la kahawa. Swaibu alinishinda. Watu wengi walinishinda. Nakwambia hili waziwazi kwa sababu hutaambiwa na wengine: tangu siku ile ya mahameni sijawahi kukimbia tena kwa kasi ile. Huenda ningekuwa bingwa. Badala yake nimekuwa mtu wa kuandika insha, mwenye kitambi, anayehema akipanda ngazi, na kila nikihema namshukuru Mungu.

Chuo kikuu nilisoma maelezo ya jinsi akili ya mtoto mpweke inavyojitengenezea mwenzi. Ni maelezo mazuri. Niliyaandikia kazi ya muhula na nikapewa alama nzuri. Hayajanieleza bado ni kwa nini Swaibu, mtu mzima sasa, fundi kama baba yake, huzunguka mlima mzima ili asipite njia ile.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii umrudishe binti yako shuleni. Mimi ni nani wa kusema mlango wa jiko haufundishi? Sikwambii umkataze mbio. Nakwambia uende mwenyewe, wiki hii, ukabishe kwenye milango ya majirani na kumwombea wenzake, hata kama ni watoto watakaomcheka. Mwingize kwenye timu ya shule iliyo karibu; ukikataliwa, tafuta Shangazi Domitila wako akabishane kwa upole. Kaa uwanjani anapofanya mazoezi, na saa uiache nyumbani. Kocha akikwambia kasi yake imepungua tangu apate marafiki, mshukuru kocha, mnunulie soda. Na siku moja akirudi amekimbia vizuri kupita kiasi, ametulia kupita kiasi, haulizi kitu wala halalamiki, usimsifu kwanza. Mshike mkono usikie kama una joto. Muulize alikuwa na nani. Akijibu kwamba alikuwa peke yake, muulize tena.

Mungu amlinde mtoto wako, mwanangu. Ampe miguu mizima na kichwa chepesi cha masomo. Ampe mpinzani wa jirani wa kumkera kila siku, na mwalimu anayemjua kwa jina. Na kila jioni arudipo, hata akiwa wa mwisho kati ya wote, akukute umesimama nje unamngoja.