Hema la Barafuni Sebuleni Kwetu

Harufu ya makaa yanayoshika moto ikitufikia kutoka uani kwa jirani huku ughaibuni, mtaani Northfield, wenzangu huona njaa. Mimi huona usingizi. Wallahi, macho huniwia mazito mchana kweupe, halafu nanyanyuka kutafuta dirisha. Ni harufu ya majira ya baridi aliyozaliwa mdogo wangu Salama, tulipokuwa tukikaa Lozells, mtaa mwingine wa mji huuhuu, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimeanza shule. Bibi, mzaa mama, alitoka Tanga kuja kumlea binti yake arobaini. Alishuka na kanga, pilipili manga, ubani na mdomo wake. Mimi aliniita mke mwenza, maana ndivyo bibi na mjukuu wa kike wanavyotaniana kwetu, na kila nilipomjibu kwa Kiingereza alishika kiuno: "Haya, mke mwenzangu, lugha hiyo unamringia nani?" Nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Nyumba ile ilikuwa nyembamba, madirisha yanatoa jasho, na ukutani ukungu mweusi. Wiki ileile aliyofika Bibi, mtambo wa kupasha joto ukafa, na mwenye nyumba kila akipigiwa simu ni kesho. Baba, aliyekuwa akifanya kazi ya usiku ghalani, akaenda mtaa wa Digbeth kwa muuza mitumba, akarudi na hema jekundu nene kama godoro. Muuzaji alimwambia ni la wavuvi wa nchi za baridi kali, wanaotoboa ziwa lililoganda, wakavua humo ndani na kulala humohumo. Halikuwa na sakafu. Sakafu yao ni barafu yenyewe. Baba akalisimamisha sebuleni, tukaingiza magodoro. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani mtu mzima na akili zake akalale juu ya barafu kwa ajili ya samaki? Kwao hakuna soko?"

Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na huwekewa makaa karibu na kitanda ili mwili urudi. Bibi hakuwa mtu wa kuchezea moto. Makaa aliyawasha uani, ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, akayapepea mpaka yakaiva mekundu na moshi wote ukaisha, ndipo akayaingiza hemani. "Kinachoua ni moshi," alinifundisha, "na haya hayana moshi." Ndivyo alivyolea wazazi miaka yote, katika nyumba ambazo upepo ulipita kati ya ukuta na bati. Lakini muuzaji alikuwa amemwonya Baba: mkiwasha moto wowote humo, yale matundu mawili ya hewa, la juu na la chini, yasizibwe hata kidogo, kwa sababu makaa yana hewa mbaya isiyoonekana wala kunusika. Baba akalieleza hilo kwa adabu. Bibi akamjibu, "Hao wanalala juu ya maji, baba. Sisi tumo ndani ya nyumba."

Na Baba angefanya nini? Yule ni mkwewe. Hakuweza kumpandishia sauti, seuze kutia mguu pale alipolala mama mkwe. Kila jioni kabla ya kwenda kazini alisimama mlangoni mwa sebule, uso ameuelekeza ukutani, akauliza, "Mama, matundu yako wazi?" Bibi akajibu, "Yako wazi, baba. Nenda salama." Na mwanzoni yalikuwa wazi kweli.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: sijapata raha utotoni kama ya ndani ya hema lile. Makaa yanawaka polepole, ubani unanukia, Salama ananuka maziwa, na Bibi ananisimulia ugomvi wa mashoga zake wa Tanga, nani alimnunia nani na kwa nini. Nililala usingizi mzito, mtamu, ambao sijaupata tena. Baridi ikazidi. Mama akasema upepo unampiga mgongoni, na Bibi, mama wa watu, akaziba matundu yote mawili kwa kanga. Tukaanza kuamka na vichwa vinatugonga. Mimi nikatapika uji. Kila tukitoka nje ya hema tunapata nafuu, tukirudi yaleyale. Bibi akasema ni hasidi, watu wameona mtoto mzuri, akazidisha ubani. Jioni Baba akauliza, akajibiwa yako wazi. Sidhani kama Bibi alijihesabu kuwa anasema uongo. Alikuwa anamtoa mkwewe wasiwasi aende kazini, basi.

Asubuhi moja Baba alirudi kutoka kazini, akapiga hodi pale mlangoni kama kawaida yake. Kimya. Akapiga tena. Ndipo akamsikia Salama analia kisauti chembamba, na hakuna anayembembeleza. Mtoto wa arobaini kulia peke yake, na bibi yake yumo? Hapo Baba aliacha adabu yote. Alilishika hema kwa mikono miwili akalipindua lote, na vyuma vyake. Mimi nakumbuka mwanga, na baridi ikinipiga usoni, na hasira niliyokuwa nayo kwamba nimeamshwa. Mama alikuwa akijaribu kukaa na hawezi. Bibi alilala upande wa sufuria, mkono ameunyoosha hadi kwenye godoro letu, ametulia kabisa. Baba alimbeba mama mkwe wake kifuani mpaka uani, akimwita, "Mama! Mama!" Hakuitika.

Tulimzika hapahapa, mbali na watu wake wote. Kila mwanamume aliyekuja kutupa pole, Baba alimwambia maneno yaleyale: "Nilimwuliza. Aliniambia yako wazi." Mama mpaka leo hajawahi kutamka kwamba yeye ndiye aliyelalamikia upepo, na mimi sijamwuliza.

Mwaka huu nimejifungua mimi. Mama amekuja kunilea. Nyumba yangu ina joto la kutosha, na darini kuna king'ora cha ile hewa mbaya, kinapepesa kijitaa chake usiku kucha. Mama ananikanda, ananinywesha uji uleule, lakini makaa hataki kuyasikia, wala chetezo cha ubani. Dirisha analiacha wazi kidogo kila usiku. Nikisema nasikia baridi, ananiambia, "Vaa soksi."

Mume wangu amelelewa vizuri, mtoto wa watu. Usiku wa kwanza, kabla hajaenda kulala chumba cha pili, alisimama nje ya mlango wetu, uso ukutani, akauliza, "Mama, hamjambo humo?" Mama aliinuka na kanga yake ya kulalia, akaufungua mlango wazi, akamshika mkono mkwewe. "Usiniulize mimi, mwanangu," akasema. "Ingia utazame mwenyewe."

Sasa anaingia kila usiku, bila hodi.