Siku Niliyolala Kwenye Kitanda cha Mama Mkwe

Leo naweza kucheka, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja Keumbu, ukweni kwangu, mbele yangu nilikuwa nainama na kujifanya nafunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa ndara. Aibu niliyoipata kule sijui kama kuna mwenzangu aliyewahi kuipata, na msinihurumie, nilijitakia mwenyewe.

Mimi ni seremala. Kazi yangu hapa Nyansiongo, tangu wazungu waondoke na mashamba yao yagawanywe, ni milango, meza, na zaidi ya yote vitanda. Na ile miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa pia mlevi, sitawaficha, busaa mchana na chang'aa jioni, mpaka siku moja nikatoa kitanda cha maharusi kikiwa na mguu mmoja mfupi (wenyewe wakaweka tofali chini yake na hawakunisalimia tena). Mke wangu Moraa alivumilia miaka sita, akalia, akanisema, akanyamaza, halafu asubuhi moja akambeba mtoto wetu mgongoni akarudi kwao Keumbu bila hata kupiga kelele. Kimya chake ndicho kilichonitia hofu, na siku hiyohiyo nikaacha pombe.

Sasa hapa ndipo watu hawajui. Kuacha niliacha, lakini usingizi nao ukaniacha. Nilikuwa nalala chali nasikiliza mvua kwenye mabati na ng'ombe wa jirani wakicheua, jasho linanitoka kama mtu anayepiga randa, na nikisinzia kidogo naota nimekunywa, nashtuka. Fundi wa vitanda asiyelala! Wateja walikuja wakinikuta macho mekundu wakasema, "Bado anakunywa huyo."

Nilienda kwa dresa wa zahanati, mtu mpole sana, akaniambia mwili wangu ulizoea kulazwa na pombe na sasa unajifunza upya. "Panda kitandani saa ileile kila siku," akasema, "chai ya jioni acha, na mchana usilale hata ukiona dunia inazunguka. Ukilala mchana umeiba usingizi wa usiku. Utarudi, lakini pole pole." Rafiki yangu Nyakundi, tuliyekuwa tunakunywa naye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, alikuja na dawa nyingine. "Glasi moja tu, ndugu yangu, ya kulalia. Hiyo si kunywa, hiyo ni matibabu." Nawaambia kweli, usiku wa kumi na mbili nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikageuka, na sijui hata leo ni nini kilichonigeuza.

Siku ya kumi na tisa baba mkwe akatuma salamu: nije Jumapili saa nne, yeye na ndugu zake wanione kwa macho yao. Kama nimeacha kweli, nirudi na mke wangu na mtoto. Kama wakinikuta na pombe kichwani, nikachukue ng'ombe zangu za mahari na tusijuane tena. Basi, yote niliyokuwa nayo duniani yalikuwa yananingoja kwa yule mzee.

Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo sikufumba hata kope. Kabla hapajapambazuka nimevaa suruali nzuri na koti la kuazima, nikapanda basi la kwanza pale Keroka, na saa mbili asubuhi nimesimama kwenye boma la wakwe zangu, mapema kuliko mtu yeyote mwenye akili. Hakuna mtu. Baba mkwe ameenda kuita ndugu zake, mama mkwe na binti zake wako shambani wakichuma chinsaga, mboga ya kupikia wageni. Nyumba ya mabati ina kufuli. Na hapo mvua ya kwetu, ambayo haipigi hodi, ikashuka.

Mlango uliokuwa wazi ni mmoja tu, wa jiko la mama mkwe.

Ninyi msiojua desturi zetu, kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inachosha. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, na kitanda chake hata ukikitupia jicho tu kwa bahati mbaya unatoa mbuzi. Hizo ndizo chinsoni, na nilizijua tangu utotoni. Lakini nikajiambia, nitasimama tu pale mlangoni, chini ya paa.

Nikasimama. Upepo ukasukuma mvua ikanifuata, nikaingia hatua moja. Halafu ya pili. Ndani giza na moshi, moto umefukiwa majivu, joto zuri ajabu. Suruali imelowa mpaka kiunoni, nikaona nitawatokeaje wazee hivyo, nikaivua (ndiyo, niliivua, msinitazame hivyo) nikaitundika pamoja na koti kwenye kamba juu ya moto. Pembeni nikapapasa nikagusa magunia ya wimbi, nikayakalia. Nikajiambia dakika mbili tu, suruali ikauke.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Moraa.

Shemeji yangu Nyaboke ndiye aliyeingia kwanza na kikapu cha mboga, akaona miguu miwili mitupu kitandani kwa mama yake, akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Maana yale magunia yalikuwa yamepangwa juu ya kitanda cha mama mkwe, ambaye alikuwa analala jikoni kwa ajili ya joto, na mimi nilikuwa nimenyooka juu yake nikikoroma. Watu wakajaa. Baba mkwe akafika na ndugu zake wanne, wamelowa, akachungulia, akawageukia.

"Sasa mmeona wenyewe," akasema. "Hata leo! Amelewa mpaka hajui mlango upi ni upi. Moraa, umeona?"

Moraa ananiambia alikuwa ameona, akakaa palepale kwenye matope na mtoto mgongoni.

Ndipo mama mkwe akapita katikati yao. Mwanamke mfupi, mkimya, ambaye kwa miaka sita nilikuwa nimesikia kutoka kwake salamu tu, tena akiwa amenipa mgongo. Hakunitazama. Alichukua mwiko wa ugali, akanyoosha mkono huku uso ameugeuzia ukuta, akaitoa suruali yangu kwenye kamba kwa ncha ya mwiko, akainusa. Akatoa koti, akalinusa, ndani na nje. Akatulia akisikiliza namna ninavyopumua.

"Huyu hajalewa," akasema. "Huyu amelala."

"Mama Moraa," baba mkwe akasema, "mtu mzima na akili zake anaweza kulala kitandani kwa mama mkwe?"

"Mtu aliyeacha pombe hajalala wiki tatu analala hata juu ya mafiga. Umesahau mwaka ulioacha wewe? Ulizunguka migomba yangu kila usiku mpaka mbwa wakachoka kubweka. Na siku usingizi ulipokupata ulilala kanisani, benchi la mbele, mchungaji akiomba, na watu wakasema umelewa. Nani alikataza usiamshwe?"

Wale ndugu wanne wakaanza kutazama mvua kwa makini sana. Baba mkwe akakohoa. (Mimi nilikuwa sijui kwamba mzee yule aliwahi hata kuonja, jinsi alivyokuwa mkali!) Mama mkwe akatoa kigoda, akakaa mlangoni, mwiko mkononi.

"Anayetaka kumwamsha apite hapa."

Hakupita mtu. Alikaa hapo mpaka saa tisa. Akapikia mboga nje, chini ya ukingo wa paa, moshi ukimwingia machoni, wageni wakala wakingoja, na kila mtoto aliyepita akipiga kelele alionyeshwa mwiko.

Mimi niliamka nikiwa mwepesi kama niliyezaliwa upya. Nikanyoosha mkono nipapase nilipo, na vidole vyangu, ambavyo havijawahi kunidanganya kazini, vikagusa ubao wa ubavuni, kisha mguu. Kitanda. Nikakumbuka niko kwa nani. Nikatazama kwenye kamba, suruali hakuna. Ilikuwa nje, imeanikwa juani mbele ya ukoo mzima.

"Moraa," nikaita kwa sauti ya panya.

"Ameamka!" mzee mmoja akajibu huko nje, na kicheko kilichofuata bado nakisikia.

Moraa akaniletea suruali. Macho yalikuwa mekundu lakini anacheka. "Vaa. Mambo yamekwisha, tunarudi nyumbani."

"Yamekwishaje? Sijasema hata neno."

"Umesema saa saba mfululizo," akanijibu. "Wazee wamechoka kusikiliza."

Mbuzi nilitoa, na nilitoa nikiwa nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mama mkwe naye asingeweza kulala tena kwenye kitanda kile, ikabidi apate kipya, na mimi fundi wa vitanda nikaambiwa siruhusiwi kugonga hata msumari mmoja wa kitanda chake. Nikapeleka mbao zangu nzuri kuliko zote, kikaundwa na seremala wa Keumbu, mshindani wangu, ambaye tangu siku hiyo anamsimulia kila mteja kwa nini alipata kazi ile. Asimulie tu. Mwanamke yule angeweza kupiga yowe na kuniachia aibu yangu, na haki ilikuwa yake. Alichagua kunusa kwanza. Sijakutana na mtu mwingine aliyenifanyia hivyo, na ukweni kule nimeapa, hata mvua iwe ya mawe, nitasimama nje ilipo.

Usingizi ulirudi pole pole kama alivyosema dresa, usiku mmoja ndiyo, mitatu hapana. Pombe sijarudia. Na mama mkwe mpaka leo ananipa mgongo kwa heshima zake, tukio lile hajalitaja hata mara moja. Ila kila Moraa anapotoka kwao namuuliza mama amesemaje, na kila mara ni lile lile. Hajawahi kuuliza kama nimeonja. Anauliza tu, "Analala?"

"Unamjibu nini?" mimi nasema.

"Namwambia analala, Mama."