Miti Yenye Rangi

Bwana Miti, kama majirani walivyomwita kwa utani, hakuwa mtu wa maneno. Hata salamu aliitoa kana kwamba anaikopesha. Msemaji wa nyumba ile alikuwa mkewe, na mkewe alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita.

Mitiki waliipanda pamoja, miaka kumi na miwili nyuma. Kila baada ya miaka kadhaa waliipunguza. Iliyodumaa na iliyopinda iliuzwa kama nguzo ikalipia palizi, na iliyonyooka iliachwa inenepe mpaka ifae kwa mbao. Faida yenyewe iko huko kwenye mbao. Safari hii alichagua mizuri ishirini ibaki. Miaka minane mingine tu, na uzee wake ungekuwa na wa kuutunza.

Sasa, watu wote wenye akili zao hupaka rangi mti wa kukatwa. Yeye, kwa ubahili, alipaka wa kubaki, maana ni michache na kopo linadumu. Haikuwahi kuleta shida. Wakataji wakifika, mkewe alisimama mbele yao mikono kiunoni: "Yenye rangi ni yangu! Atakayeigusa, tutajuana!"

Mwaka huu wakataji wanne walifika asubuhi. Bwana Miti akaitikia salamu, akawaonyesha shamba kwa kidevu, akakimbilia jikoni kuwasha moto. Tangu mazishi hakuwa amepata mgeni. Akasuuza vikombe vitano. Misumeno ilinguruma, vijana wakapigiana kelele, naye akafurahi mno kusikia sauti za watu. Vishindo vilikuwa vizito kuliko vya nguzo, lakini alikuwa anahangaika kutafuta sukari.

Alipofika shambani na birika, mkuu wao alikuwa anajifuta jasho.

"Bado miwili tu, mzee. Umetupakia rangi vizuri kweli."

Miti iliyopinda ilikuwa imesimama yote. Ile mizuri ilikuwa chini, michanga bado, haifai kwa mbao.

"Hiyo... ilikuwa ya kubaki."

"Jamani, mzee! Mbona hukusema?"

Akawamiminia chai.

Walipoondoka, aliiendea ile miwili iliyosalia. Akashika kiuno kama alivyokuwa akifanya marehemu, akasema kwa sauti, na hapakuwa na mtu: "Yenye rangi ni yangu."

Maneno yalimtoka vizuri tu, wala hayakuwa magumu.