Mama wa Makala

Gamaliel Kitwa alikuwa na miaka arobaini na saba vita vilipofunga ofisi yake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa usafirishaji mjini Kamina, mtu wa mwandiko mzuri, hata kwaya ya Wamethodisti ilimpa kazi ya kunakili nyimbo zake. Mwaka wa 1999 magari-moshi yaliacha kuja kutoka kaskazini, na asubuhi moja akakuta mlango wa ofisi una kufuli mpya.

Aliendelea kuvaa koti na kutoka kila siku. Alishinda barazani pa posta, pamoja na makarani wengine waliopoteza kazi. Nyumba ililishwa na mkewe, Émerence. Alinunua makala, yaani makaa ya kupikia, kwa watu wa vijijini, akayapakia kwenye baiskeli, na pamoja na binti yao Hadassa, wa miaka kumi na mitano, akayasukuma hadi kambini kwa wake za askari. Gamaliel hakuwahi kuigusa baiskeli ile. Alisema mgongo unamuuma.

Mwezi wa Juni mkubwa wake wa zamani, Bwana Bokungu, alifika kutoka Lubumbashi kutafuta karani wa depo mpya. Walikutana mbele ya posta. Bokungu akamwuliza habari za jamaa, na Gamaliel akajibu kwamba madame anashona nguo nyumbani. Hakujua kwa nini alisema hivyo, lilimtoka tu.

Mara baiskeli ikatokea. Émerence alishika usukani, uso umejaa vumbi la makala, na Hadassa alisukuma kwa nyuma. Alipomwona mumewe na mgeni, Émerence akapunguza mwendo na kutabasamu.

"Ule mama unamujua?" Bokungu akauliza.

"Ule njo mama wa makala," Gamaliel akasema. "Anatuleteaka makala ku nyumba."

Émerence na Hadassa walikuwa hatua tatu kutoka kwake. Tabasamu la Émerence lilibaki kidogo, likaondoka. Akainamisha kichwa, akasema, "Bonjour, Monsieur," akasukuma kwenda zake. Hadassa hakusalimia. Alimtazama baba yake mpaka wakampita.

Kazi alipewa mtu kutoka mji wa Kabongo, na Gamaliel hakuambiwa sababu. Wala haikumwuma sana. Kilichomla kilikuwa nyumbani: Émerence alipakua bukari, ugali wao, kama kawaida, akamwekea maji ya kunawa. Siku tatu Gamaliel alingoja agombezwe. Alitamani agombezwe. Jumapili kanisani alifungua kitabu cha nyimbo, akakifunga kabla wimbo haujaisha.

Waliporudi alimfuata mkewe jikoni, akamwambia amemkosea na anaomba msamaha. Émerence aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

"Minyi niko mutu mukubwa, Papa Hadassa," akasema. "Nilijua tangu zamani uko na haya ya hii kazi. Enda umuambie mutoto."

Gamaliel hakuwahi kuona baba akimwomba mtoto wake msamaha. Alimkuta Hadassa uani akishona midomo ya magunia. Akaanza kwa Kifaransa, akakiacha. Akasema aliona aibu, si kwa ajili ya mama yake Hadassa, ila kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, na kwamba aliwakana wote wawili.

Hadassa akakaza kamba. "Mama alikuchekea, Papa," akasema. "Alifikiri utamuita."

Akainuka, akaingia ndani.

Kesho yake Gamaliel aliacha koti msumarini na kushika usukani. Kambi iko mbali, na baiskeli ilimwangusha mara mbili mchangani. Makarani wa posta walimwona. Mmoja akageuza uso ili kumsitiri, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Émerence alimwonyesha namna ya kuegemeza gunia begani. Hadassa alitangulia peke yake.

Alitangulia hivyo kila safari, hadi mvua za Oktoba. Siku moja gurudumu lilizama kwenye tope karibu na kambi, na baba yake hakuweza kulitoa. Hadassa akarudi, akaweka mikono yake juu ya gunia, wakasukuma.